Kasoro Kwanza, Bei Baadaye

Mjini Moshi ukimtaja mtu kuwa ni dalali, anayekusikiliza hushika mfuko wake. Huku kwetu juu tulikuwa na mtu aliyeuza mali za wenzake mbele ya kanisa kila Jumapili, na sikumwona hata mmoja akishika mfuko. Tulimwita Mzee wa Mnada. Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini alizoea kusema kwamba jina ni la Mungu na la polisi, watu wengine wote watuite kwa kazi zetu. Nami nitamfuata katika hilo.

Kwa asiyezijua sharika za Kilutheri za mlimani, si kila Mkristo huwa na noti ya kutia kwenye kikapu cha sadaka. Mmoja huja na mkungu wa ndizi, mwingine na dumu la maziwa, au mayai, au jogoo aliyefungwa miguu, hata mzigo wa majani ya ng'ombe. Ibada ikiisha vitu hivyo hutolewa nje, watu husimama kuvizunguka, navyo hunadiwa palepale. Fedha inakwenda kanisani, na mama aliyekuja bila ndizi anarudi nyumbani na mkungu. Kazi ya kunadi ilikuwa yake tangu mimi nikiwa binti wa kipaimara, na nilipoanza kazi ya ukarani kwa wakili mjini bado ilikuwa yake.

Alikuwa na namna moja tu ya kunadi. Aliinua kitu juu, akakitazama kana kwamba ndiyo kwanza anakutana nacho, kisha akaanza kukisengenya. "Jogoo huyu ni mzuri wa macho. Lakini ni mwoga. Mkimweka na jogoo mwingine atahamia jikoni." "Maziwa haya ni ya jana jioni, msije mkaniambia sikusema." "Ndizi hizi zimekatwa mapema kwa kuogopa wezi. Mtori zitatoa. Kuiva, sahauni." Aliyezileta ndizi huwa amesimama hapohapo, amenuna, na yeye hamtazami. Siku moja mke wa mchungaji alitoa sweta alilolifuma mwenyewe kwa majuma mengi. Mzee wa Mnada alilinyoosha mbele ya watu wote, akasema mkono mmoja umemzidi mwenzake, mwenye ndugu wa namna hiyo asogee. Mchungaji mwenyewe alicheka mpaka akaegemea ukuta, mkewe hakucheka.

Kasoro kwanza, bei baadaye. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake, na sisi watoto tuliyasema tukichezea gololi. Wageni walidhani anaiharibia sadaka ya Bwana. Kumbe bei zilipanda. Mzee akishamaliza kutaja ubovu, ulijua hakuna mwingine uliobaki. Asichokitaja hakipo, ndivyo watu walivyosema, na walinunua wamefumba macho. Na yai likitokea bovu ulilirudisha Jumapili iliyofuata, naye alikupa jingine kutoka kwa kuku wake, akakuomba radhi mbele za watu na kofia mkononi.

Ukweli wake haukujua mahali pa kukaa. Waliwahi kumpa usemaji kwenye posa ya mpwa wake, na hawakumpa tena. Wageni wamekaa, pombe imemiminwa, yeye akasimama akasema binti yao ni mchapakazi na ana afya, ila hajui kunyamaza akiwa na haki. Shangazi zake nusura wamfunike na kanga. Bwana harusi alisema ndicho anachokitafuta. Wako pamoja hadi leo, na ni kweli hanyamazi.

Sasa nisije nikampaka mafuta. Mtu huyu alikuwa na kinyongo kirefu kuliko barabara ya Rombo. Alikuwa mzee wa kanisa, aliongoza sala, alishika sahani ya sadaka kwa mikono miwili, na hakusamehe mtu. Jirani yake wa chini aliwahi kung'oa masale ya mpakani na kuyapanda upya ndani kidogo ya kihamba cha Mzee, yaani shamba lake la migomba la ukoo. Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoutumia kuonyesha mpaka wa shamba, na ndio huohuo mtu huuchuma na kuupeleka kwa mwenzake anapotaka kusamehewa. Isale likiletwa halikataliwi, hata na mwenye kisasi cha damu. Yule jirani alileta, Mzee akapokea, wakanywa pombe ya mbege. Lakini tangu siku hiyo kila akipita mbele ya nyumba ile alivua kofia. Nilidhani ni heshima. Akaniambia hapana, ni ili wauone uso vizuri.

Nilimuuliza anawezaje kusali Baba Yetu, pale kwenye kuwasamehe waliotukosea. Alinitazama kwa huruma.

"Nasamehe, mwanangu," alisema. "Ila nakumbuka kwa sauti."

Na alikuwa na mke, na mkewe ndiye aliyekuwa na mikono. Ng'ombe wao walikuwa na kiburi, hawakutoa maziwa kwa mtu mwingine. Mama yule alikaa kwenye kigoda, akaimba kidogo kwa Kichagga, na ndoo ikajaa. Kuongea hakuongea sana. Mumewe aliongea kwa niaba ya nyumba nzima, yeye alisubiri mpaka amalize, kisha akasema neno moja, na neno hilo ndilo lililobaki. Siku moja alimtania mbele yangu: angepelekwa yeye mnadani, angemnadi vipi?

"Ningesema anakoroma," Mzee alijibu, "na anaficha sukari. Halafu ningepandisha bei mwenyewe mpaka watu wote waende makwao."

Mama aliendelea kuosha ndoo, lakini alikuwa anatabasamu.

Walinunua pikapu kwa ajili ya maziwa. Wanunuzi wa kijijini walikuwa wakiwapunja, na mjini kulikuwa na hoteli zilizotaka maziwa mabichi kila asubuhi. Waliuza mitamba, wakaongeza akiba ya kahawa, wakateremka hadi kwenye yadi moja ya magari, upande wa Shirimatunda. Yadi hiyo ilikuwa ya mtoto wa kwetu. Namwita Mwenye Yadi. Alibatizwa kanisani kwetu, mama yake alikaa juu ya barabara yetu, na Desemba kila mwaka alipanda na gari jipya kuja kula Krismasi. Alikuwa mtu wa kupenda kuonekana, na kwenye mnada wa mwisho wa mwaka alinunua mbuzi kwa bei ya kuwaaibisha wengine.

Mzee alimweleza waziwazi gari ni la kazi gani: kupanda mlima, kushuka mlima, mvua na jua, na mkewe nyuma na makopo ya maziwa. Mwenye Yadi alimwonyesha pikapu ya bluu inayong'aa. Kisha Mzee akafanya kosa ambalo ni mtu wa kwetu tu anayeweza kulifanya. Alinyamaza, akangoja. Kijana huyu amekua akisimama kwenye mnada wangu, alijisemea, anajua taratibu, atataja kasoro kabla ya bei. Mwenye Yadi akataja bei. Mzee akaelewa kwamba gari halina kasoro, akalipa na kushika mkono wa kijana akamwambia "Aika," yaani asante, kwa lugha ya nyumbani.

Breki zilikataa wakati wa mvua za masika, kwenye mteremko wa mfereji. Mzee aliliingiza gari kwenye ukingo wa shamba, kwa sababu upande wa pili ni korongo. Yeye hakupata hata mkwaruzo. Mama alikuwa nyuma, ameshika ubavu wa bodi kwa mkono wa kulia ili ayazuie makopo, na kopo kubwa kuliko yote liliubana mkono ule kwenye chuma. Nilimkuta hospitali. Mzee alikuwa amekaa kando ya kitanda na kofia ya mkewe mapajani, ya kwake sijui aliiacha wapi. Sikuwahi kumwona hivyo.

Fundi wa gereji alilifungua gari mbele yetu. Bomba la breki lilikuwa limepasuka zamani, likafungwa kwa mpira na waya, na juu yake likapakwa rangi. Chesisi imeliwa na kutu, nayo imepakwa rangi. Kilomita zimerudishwa nyuma. Alipofungua giaboksi alitoa kitu cheusi, akakinusa, akampa Mzee naye akinuse. Ilikuwa ndizi. Giaboksi iliyochakaa hupiga kelele, alisema fundi, na wapo wajanja hushindilia ndizi ndani ili inyamaze mpaka mteja aondoke. Mzee aliishika kwa muda mrefu ile ndizi iliyokauka. Ameuza ndizi maisha yake yote.

Nilikwenda naye yadini. Juu ya meza ya Mwenye Yadi kulikuwa na kile kibao ambacho kila mtu anakijua: Mali ikishauzwa hairudishwi. Mzee aliieleza habari yote bila kupandisha sauti, akaweka mezani ile ndizi kwenye gazeti. Mwenye Yadi alimwita "mzee wangu", akampa pole ya mama, akasema gari Mzee alilitazama mwenyewe na kuliendesha mwenyewe. Kisha akasema neno ambalo ndilo lililotengeneza yote yaliyofuata.

"Hukuuliza, mzee wangu. Ungeuliza ningekwambia."

Nilitaka kumrukia. Nasema kweli, mimi mwanamke mzima, mfunga majalada ya wakili, nilitaka kumtia ile ndizi mdomoni. Mzee alikunja gazeti lake, akavaa kofia, akasema "Haya." Nilikuwa namjua. Haya yake ilikuwa mbaya kuliko matusi ya mtu mwingine.

Wakili wangu aliichukua kesi kwa hasira. Alitueleza kwamba kile kibao ni karatasi tu, hakimkingi mtu aliyeficha ubovu anaoujua. Mnunuzi akikuambia anataka chombo cha kazi fulani nawe ukampa, sheria inakutaka umpe kinachoiweza kazi hiyo. Na kasoro iliyozibwa kwa rangi haionekani kwa macho, kwa hiyo huwezi kumwambia mtu aliikagua. Mbele ya hakimu Mzee aliulizwa kwa nini hakuhoji hali ya gari. Akajibu kwamba kwao mwenye mali ndiye anayesema, mnunuzi anasikiliza. Hakimu akaandika.

Tulishinda. Mwenye Yadi aliamriwa arudishe fedha, agharimie matibabu ya mkono, na alichukue gari lake kwa gharama zake. Fedha ilikuja yote, kupitia kwa wakili wake. Yeye mwenyewe hakukanyaga mahakamani hata siku moja, hakusema neno. Mimi nilikuwa na furaha, nikanunua soda za ofisi nzima. Mzee alikuja kutushukuru, akakaa na soda yake bila kuinywa.

"Sheria imenirudishia fedha," alisema. "Mkono haujarudi. Na yule hajataja kitu."

Hapo nilielewa anachokitaka, na hakikuwa kitu cha kudai kwa hati. Alitaka Mwenye Yadi asimame mbele ya watu wa kwao na azitaje kasoro za gari lile kwa kinywa chake, moja baada ya nyingine, ya breki ikiwemo. Alikuwa tayari kungoja mpaka afe.

Mkono wa Mama ulipona kadiri ulivyoweza. Vidole havikukunjika sawasawa tena. Kukamua kuliisha kabisa, ng'ombe wakalia zizini mpaka wakauzwa. Lakini alifanya mazoezi ya hospitali kwa ukaidi, akibana kipande cha sponji akiwa amekaa mlangoni, na baadaye aliweza kuushikia kijiko, kisha kikombe cha chai, kisha birika lenyewe. Mzee aliponitangazia habari ya birika alikuwa na machozi.

Gari lilikuwa limevutwa hadi pembeni ya barabara, kwenye kona ya kihamba chao, likabaki hapo, kwa sababu Mwenye Yadi hakuja kulichukua. Aliona haya kuonekana akilivuta. Mtu mwingine angeliacha liote majani. Mzee aliliosha. Kila Jumamosi aliteremka na ndoo na kitambaa, akaling'arisha kama la harusi, ili apitaye alione na aulize. Naye akiulizwa, alieleza. Alieleza kwa utaratibu wa mnada: chesisi, kilomita, giaboksi na ndizi yake, breki. Kisha alitaja lilikonunuliwa. Barabara ile ndiyo inayokwenda kwa mama yake Mwenye Yadi, na hakuna nyingine.

Baada ya muda Mwenye Yadi alituma isale. Alilituma kwa dereva wake, pamoja na kreti ya soda na bahasha. Nilikuwepo. Dereva alikuwa kijana wa watu wa Mwanza huko, hajui anachokibeba, amelishika isale kama mtu aliyeshika mchicha. Isale mtu hulileta mwenyewe, na kama hawezi, hulileta mzee wa ukoo kwa heshima. Halitumwi na kreti. Mzee alirudisha soda, akarudisha bahasha, lakini isale alilipokea, kwa sababu halikataliwi. Akateremka nalo mpaka kwenye gari, akachimba shimo mbele ya gurudumu, akalipanda.

"Mwambie limepokelewa," alimwambia dereva. "Likishika nitampa habari."

Lilishika. Akaongeza jingine, na jingine, mpaka gari likazungukwa na masale pande zote. Watu wa kwetu tunapanda hivyo kwenye makaburi. Desemba ilipofika, watu walipanda kutoka Dar na Arusha kuja kula sikukuu, na magari yao yalipunguza mwendo kwenye kona ile, vioo vikateremka. Pikapu ya bluu imelala katikati ya masale, safi kabisa. Nilikuwa nikipita natabasamu peke yangu, na sikuona dhambi.

Kilichomleta Mwenye Yadi ni binti yake. Mwaka uliofuata alipata mchumba, na wazee wa upande wa mume walipanda kutoka Tarakea kuja kuposa. Walipofika kwenye kona walisimamisha gari kuuliza njia. Mzee alikuwa pale na ndoo yake. Aliwaonyesha njia, kisha wakauliza na hili gari je, naye hakuwaficha kitu. Wale wazee waliendelea hadi kwa mwenyeji wao, wakala, wakanywa, wakasema watarudi. Hawakurudi mwezi ule, wala uliofuata. Walituma neno kwamba wanataka kwanza kujua wanaoana na watu wa namna gani. Binti alikuwa hana kosa, na kwa huyo nilisikia uchungu. Nilimwambia Mzee. Alisema hata mkono wa mke wake ulikuwa hauna kosa.

Jumapili moja baada ya Krismasi kanisa lilijaa hadi nje. Mnada ulikuwa mrefu, mbuzi wengi, watu wa mjini wakishindana. Mzee alipokaribia mwisho umati uligawanyika, akaingia Mwenye Yadi amevaa suti, amelishika isale mwenyewe kwa mikono miwili, na nyuma yake mama yake mzazi ameinamisha kichwa. Mwenye Yadi alisimama mbele ya meza, akatoa shikamoo, Mzee akaitikia marahaba. Kisha akasema amekuja kuomba msamaha kwa yaliyotokea.

"Yapi?" Mzee aliuliza.

"Mambo ya gari, mzee wangu."

"Hapa ni mnadani. Kasoro kwanza."

Mwenye Yadi aligeuka kumtazama mama yake, naye mama hakumsaidia. Akaanza. Alisema chesisi ilikuwa na kutu, akaipaka rangi. Alisema kilomita alizirudisha. Sauti ilikuwa ndogo, na watu wa nyuma wakataka aongeze, akaongeza. Alisema giaboksi ilikuwa imekufa na waliijaza ndizi, na hapo mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa. Mwenye Yadi akaishia hapo. Alidhani amemaliza.

"Na breki?" Mzee alisema.

Mwenye Yadi alijifuta uso kwa bega la suti. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye baridi ya kwetu.

"Breki nilijua," alisema mwishowe. "Nilijua hazitafika masika."

Minong'ono ilipita kwa wanawake. Nilidhani Mzee atafurahi, na nilitazamia kufurahi pia. Yeye alikuwa amekunja uso kama mtu anayesoma maandishi madogo. Mwenye Yadi alimnyooshea isale, naye hakulipokea. Alisema mkono haukuwa wake, basi isale si lake. Akageuka, akamwita mkewe.

Mama alitoka katikati ya wanawake. Mkono wa kulia alikuwa ameufunika kwa ncha ya kanga, umelala kifuani. Alimtazama Mwenye Yadi usoni, kwa utulivu, akanyoosha mkono wa kushoto, akalipokea isale.

Watu walilia. Wazee wenye heshima walitoa leso. Kila mmoja aliuona ule mkono uliofichwa, akaelewa ni kwa nini mama wa watu analazimika kupokea kwa kushoto, na Mwenye Yadi ndiye aliyelia kuliko wote, akapiga magoti kwenye vumbi na suti yake. Mchungaji aliomba. Juma lile likaja trekta likalivuta gari, na kabla ya Kwaresima wale wa Tarakea walikuwa wamerudi na mahari. Mwenye Yadi alibadilika sana, ndivyo alivyosema mwenyewe. Kila alipokaa na watu alisimulia jinsi alivyosamehewa mbele ya kanisa zima, na jinsi alivyolala usingizi siku hiyo. Bado anasimulia.

Mara ya mwisho kumtembelea Mzee wa Mnada alikuwa ameshaiachia kazi kwa mwingine. Sauti ilikuwa imemkauka, na miguu haikumpeleka tena kanisani. Yule aliyemrithi ni mtu mchangamfu, anasifia kila kitu, na bei zimeshuka. Nilimkuta amekaa nje kwenye kiti, anaitazama kona ya kihamba. Gari halikuwepo, lakini masale yalibaki, yamenenepa, yamezunguka mahali patupu penye umbo la gari. Nilimuuliza kwa nini hayang'oi. Akasema hayajamaliza kazi.

Mama alituletea chai. Aliweka vikombe kwenye stuli, akalinyanyua birika zito la chai kwa mkono wa kulia, akamimina hadi ukingoni, hakumwaga hata tone. Nilikuwa nimeshayaona hayo kabla, mara nyingi, hata kabla ya Jumapili ile. Sijui kwa nini siku zote hizo sikuwa nimeyaweka pamoja. Huku kwetu isale lililopokelewa kwa mkono wa kushoto na mwenye kuuweza wa kulia halijapokelewa. Ni tusi, na tusi lenyewe halina dawa.

Mzee aliniona ninavyoutazama mkono. Akanywa chai yake kwanza.

"Ndiyo," alisema kwa ile sauti iliyobaki. "Maisha yangu yote nimeuza kitu kimoja tu bila kutaja kasoro yake. Asubuhi ile alinimiminia chai kama hivi, kisha akaufunika mkono kwa kanga. Nilijua. Nikasimama pale mbele ya kanisa, nikanyamaza."

Nilimgeukia Mama. Nilimuuliza kama yule mtu amewahi kujua, kama katika miaka yote hii ya kusimulia msamaha wake aliwahi kurudi kumwuliza habari za mkono. Mama aliongeza sukari kwenye kikombe changu, akakoroga taratibu kwa mkono wake wa kulia.

"Hakuuliza," alisema.